Nyota Nne na Nusu Hazitoshi: Tathmini ya Huduma za Kutafutia Migahawa, Baa na Muziki wa Moja kwa Moja

Mtu anapofika katika mji mkubwa saa kumi na moja jioni, akiwa na usiku mmoja tu wa kukaa, hatafuti kushiba tu. Anataka meza atakayoikumbuka, baa ambayo mhudumu wake anaijua kazi yake, na bendi inayopiga vyombo mbele ya macho yake badala ya nyimbo zinazotoka kwenye spika. Anafungua simu, anaandika neno "mgahawa", na mbele yake zinatokea alama kwa mamia, karibu kila moja ikiwa na nyota nne na nusu. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu ikiwa kila mahali ni pazuri kwa kiwango kilekile, basi nyota hizo bado hazijamwambia lolote.

Kazi yangu imenipitisha katika miji mingi ya aina hiyo, na kwa miaka kadhaa sasa nimezitumia karibu huduma zote kubwa zinazodai kumwongoza mgeni: Google Maps, Tripadvisor, Yelp, OpenTable, mwongozo wa Michelin, Time Out, Songkick, Bandsintown na Resident Advisor. Baadhi nimezifuta kwenye simu na kuzirudisha mara mbili tatu. Nazitathmini hapa kwa kipimo kimoja, nacho ni kama zilinifikisha mahali ambapo nilipotoka nilitamani kurudi. Kwa kipimo hicho nimeona kwamba nyingi zimeundwa kupima mahali, ilhali tunachokitafuta ni usiku. Mgahawa uleule una sura moja Jumanne mpishi mkuu akiwa jikoni, na sura nyingine Jumapili akiwa mapumzikoni. Baa yenye utulivu saa kumi na mbili huenda ikawa na kelele za kupasua masikio saa nne. Na ukumbi wa muziki usio na bendi ni chumba chenye viti.

Nianze na Google Maps, kwa kuwa ndiyo ambayo watu wengi huifungua kwanza. Ilizinduliwa mwaka 2005 kama ramani, na kwa kazi ya ramani sijapata ya kuishinda: inaonyesha njia, saa za kufungua, picha za mlangoni, hata saa ambazo mahali hujaa watu. Tatizo huanza pale mtumiaji anapoichukua orodha yake kuwa orodha ya ubora. Kampuni yenyewe imeeleza kwamba matokeo ya utafutaji wa karibu hupangwa kwa mambo matatu, yaani ulinganifu wa mahali na maneno uliyoandika, umbali kutoka ulipo, na umaarufu, na alama za wateja ni sehemu ya huo umaarufu. Kwa hiyo mgahawa unaotokea juu kabisa unaweza kuwa pale kwa sababu uko mtaa wa pili kutoka hotelini kwako na umekwisha kutembelewa na wageni wengi kama wewe. Hakuna aliyedanganya hapo. Uliuliza kuna nini karibu, na umejibiwa.

Siku hizi, nikitaka kula vizuri, huiburuta ramani mbali na hoteli, mbali na vituo vikuu vya treni na vivutio vya watalii, hadi kwenye mitaa wanakoishi watu, kisha ndipo ninapotafuta upya. Tofauti huonekana papo hapo: maoni yanakuwa machache, mengi yameandikwa kwa lugha ya wenyeji, na waandishi wake wanalinganisha ziara ya leo na ya mwezi uliopita. Nikikutana na mteja aliyeandika "kama kawaida", humwamini kuliko watu kumi waliotoa nyota tano, kwa maana huyo amekwisha kurudi.

Wastani wa nyota una kasoro nyingine, ambayo huduma zote za aina hii zinashiriki. Wanaoandika ni waliofurahi mno au walioudhika mno. Walioridhika kiasi hulipa bili na kwenda zao nyumbani kulala. Zaidi ya hapo, nyota moja ileile inabebeshwa mizigo mingi: chakula, huduma, kelele, foleni, viti, hata mvua iliyomnyeshea mteja akiwa nje. Mgahawa unaokataa kubadili mapishi yake kwa ajili ya wageni, usiopokea kadi, wenye wahudumu wasiotabasamu na meza zilizobanana, hupoteza nyota kwa mambo ambayo hayamo kwenye sahani. Wakati mwingine ndio bora kuliko wote mtaani. Kabla ya simu, wanandoa Tim na Nina Zagat wa New York walilitatua jambo hili vizuri: tangu mwaka 1979 walikusanya maoni ya walaji wa kawaida na kuyachapisha kama alama tofauti za chakula, mandhari na huduma, kila moja kati ya 30. Msomaji aliweza kuona mara moja kwamba mahali fulani pana chakula bora na viti vibaya, akaamua mwenyewe. Google iliinunua Zagat mwaka 2011 na kuiuza mwaka 2018 kwa kampuni ya The Infatuation, na kwa maoni yangu wazo lile la kutenganisha alama ndilo linalokosekana zaidi katika nyota moja ya jumla inayotangulizwa na huduma nyingi ninazozitumia leo.

Kuhusu Yelp, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2004, nina la kuisifu na la kutahadharisha. Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa Chuo cha Biashara cha Harvard alichambua takwimu za migahawa ya Seattle na kuonyesha kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp iliongeza mapato ya mgahawa kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba waliofaidika ni migahawa ya kujitegemea, wala si ile yenye matawi mengi. Ukiyajua haya, huhitaji kuuliza kwa nini kuna watu wanaoghushi maoni. Baadaye Luca na mwenzake Georgios Zervas walikuta kwamba takribani asilimia 16 ya maoni ya migahawa waliyoyachunguza yalikuwa yamechujwa na mfumo wa Yelp kwa kutiliwa shaka, na kwamba mgahawa wenye sifa dhaifu ndio ulio na kishawishi kikubwa zaidi cha kujiandikia sifa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ninachokisifu ni kwamba Yelp haiyafuti maoni hayo yaliyochujwa: yamewekwa kando, na mtumiaji anaweza kuyafungua na kuyasoma. Mimi huyafungua. Ukikuta sifa ishirini zimeandikwa ndani ya wiki moja na watu ambao hawajawahi kuandika chochote kingine, umepata jibu lako.

Tripadvisor, iliyoanza mwaka 2000, ndiyo ninayoitumia kwa tahadhari kubwa zaidi, na sababu inajulikana na wengi. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler aliandikisha kwenye Tripadvisor mgahawa uitwao The Shed at Dulwich, ambao kwa kweli ulikuwa banda la bustanini alikokuwa akiishi kusini mwa London. Hapakuwa na jiko wala mteja. Picha za vyakula alizitengeneza kwa vitu kama povu la kunyolea, marafiki zake wakaandika maoni, na kila aliyepiga simu kuomba meza aliambiwa kwamba nafasi zimejaa. Kabla mwaka haujaisha, banda lile lilikuwa nambari moja kati ya migahawa zaidi ya 18,000 ya mji huo. Ninachojifunza humo kinahusu tabia yetu sisi watafutaji kuliko kampuni: kadiri watu walivyokataliwa meza, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba mahali pale ni pa kipekee. Marekani imeanza kulishughulikia tatizo la maoni bandia kisheria, kwani mwaka 2024 tume ya serikali inayosimamia haki za walaji ilitoa kanuni inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo. Hatua hiyo ni njema, lakini msomaji anayesafiri kesho anahitaji macho yake mwenyewe.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la macho, kwa sababu hapo ndipo huduma hizi zinaweza kukupa mengi kuliko zenyewe zinavyokusudia. Mimi huacha kusoma nyota na kwenda kwenye picha za wateja. Picha za mwenye mgahawa nazipita, maana zimepigwa mchana, kwa taa za mpiga picha, sahani ikiwa peke yake mezani. Katika picha za wateja natafuta chakula kimoja kilichopigwa picha na watu tofauti katika miezi tofauti. Kama Machi, Juni na Novemba sahani ile ina kipimo kilekile, rangi ileile, mchuzi umefika pale pale ukingoni, basi jikoni humo kuna mtu anayejali, na anajali hata siku za kawaida ambazo hakuna mkubwa aliyekuja kula. Kama kila mwezi sahani ina sura yake, najua kwamba nitakula bahati nasibu. Halafu natazama picha ya menyu yenyewe. Menyu fupi, yenye tarehe au iliyoandikwa kwa mkono, hunivutia. Menyu ya kurasa nyingi yenye vyakula vya mabara manne hunifanya nijiulize friji lake lina ukubwa gani. Mwisho natazama nyuma ya sahani, kwa wale walioketi meza ya jirani. Wazee, familia, watu waliovaa sare za kazi: hao hawakuletwa pale na programu.

Maoni nayo nayasoma kutoka katikati. Mtu aliyetoa nyota tatu ana subira ya kueleza kilichokuwa kizuri na kilichomkwaza, wakati wa nyota tano anashangilia na wa nyota moja bado ana hasira. Nayasoma yale ya miezi mitatu ya karibuni tu, kwa sababu wapishi huhama, na mpishi anapohama mgahawa wenye jina lilelile huwa umeondoka naye, ingawa nyota alizozichuma zinabaki.

OpenTable, iliyoanzishwa mwaka 1998, ina faida moja ya wazi: anayeandika maoni ni yule aliyehifadhi meza kupitia huduma hiyo na kufika. Maoni yake kwa hiyo ni ya kuaminika zaidi, ingawa hayana msisimko mwingi. Hasara yake ni kwamba mahali padogo pasipopokea maombi ya meza hapamo kabisa, na mahali padogo ndipo ninapokwenda mara nyingi zaidi. Naiweka kwa ajili ya chakula cha kikazi.

Mwongozo wa Michelin ni kitu cha namna nyingine. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1900 na ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, watengenezaji wa matairi waliotaka wenye magari wasafiri zaidi. Nyota zilianza mwaka 1926, na ngazi tatu za nyota zikafuata mwaka 1931. Wakaguzi wake hufika bila kujitambulisha na hulipa bili yao wenyewe, na nyota hutolewa kwa chakula pekee, bila kuhesabu mapambo wala vitambaa vya meza. Ndiyo maana mwaka 2016 vibanda viwili vya chakula nchini Singapore vilipata nyota kama hoteli kubwa. Ninauheshimu mwongozo huu kwa sababu ni kazi ya watu waliofunzwa wanaorudi tena na tena. Hata hivyo msomaji ajue kwamba haukagui kila mji duniani, na kwamba baadhi ya bodi za utalii huulipia ili uje kwao, kwa hiyo mji usio na nyota hata moja haumaanishi mji usio na wapishi. Ninachokitumia zaidi humo ni orodha yake ya Bib Gourmand, iliyoanza mwaka 1997, ambayo hutaja migahawa yenye chakula kizuri kwa bei ya wastani. Orodha hiyo haijawahi kuniangusha.

Lakini kama ningepewa kuchagua kati ya huduma zote hizi na mhakiki mmoja wa mji anayeandika kwa jina lake, ningemchagua mhakiki. Mfano ninaourudia kila mara ni Jonathan Gold wa Los Angeles, ambaye akiwa kijana aliamua kula katika kila mgahawa ulioko kwenye barabara ndefu ya Pico Boulevard, mmoja baada ya mwingine. Aliandika juu ya vijumba vidogo vya wahamiaji kwa uzito uleule alioutumia kwa kumbi za kifahari, na mwaka 2007 akawa mhakiki wa migahawa wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer. Alifariki mwaka 2018. Mhakiki wa namna hiyo anakupa kitu ambacho wastani hauwezi kukupa: ukishamjua anachopenda na anachochukia, hata akipakosoa mahali unaweza kuamua kwenda. Kila mji mkubwa una mtu wa aina yake, gazetini au kwenye jarida la mtaa, na kumtafuta ni saa moja ya kazi inayokuokolea jioni tano.

Baa nitazipitia kwa ufupi, kwa kuwa huduma za nyota hazina mengi ya kusema juu yake. Baa hubadilika kwa saa, na maoni yaliyoandikwa bila saa hayana maana kubwa. Kuna orodha ya kimataifa ya baa bora 50, inayotolewa tangu mwaka 2009 kwa kura za watu wa kazi hiyo. Ni sahihi kwa ufundi, ila baa ikishaingia humo foleni huanzia barabarani. Ninachokifanya ni kuitumia orodha kama mlango: naenda mapema, baa ikiwa imefunguliwa sasa hivi, naketi kaunta, naagiza kitu rahisi, kisha namuuliza mhudumu yeye hunywea wapi siku yake ya mapumziko. Hadi leo sijapewa jibu la hovyo kwa swali hilo.

Muziki wa moja kwa moja ndio unaohudumiwa vibaya kuliko vyote, na ndio ulionisukuma kuandika. Miaka michache iliyopita programu moja, ambayo sitaitaja, ilinipeleka upande wa pili wa mji kwa sababu baa fulani ilikuwa na alama ya "muziki wa moja kwa moja". Nilibadilisha treni mara mbili. Nilipofika nilikuta jukwaa dogo limejaa viti vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, na mhudumu akanieleza kwa upole kwamba bendi iliacha kupiga pale tangu baa ilipopata mmiliki mpya. Alama ile ilikuwa ya kweli siku ilipowekwa. Hakuna aliyerudi kuiondoa, kwa kuwa katika mfumo ule muziki umehesabiwa kuwa sifa ya jengo, kama maegesho ya magari.

Waliolielewa jambo hili mapema ni watu wa majarida ya ratiba. Tony Elliott alianzisha Time Out huko London mwaka 1968, akiwa bado mwanafunzi, kama karatasi moja ya kukunja iliyoeleza kinachofanyika mjini, wapi na saa ngapi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake yote. Msomaji alianzia kwenye tarehe, kisha akaenda kwenye mahali. Toleo la kuchapishwa la London lilikoma mwaka 2022, na katika tovuti ya leo orodha za "bora kumi" zimechukua nafasi kubwa kuliko ratiba. Bado naifungua, kwa kuwa waandishi wake wanaishi katika miji wanayoiandika, lakini huenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa wiki hii na kuziacha zile orodha.

Songkick na Bandsintown, zote za mwaka 2007, zimejengwa juu ya msanii. Unamfuata mwanamuziki unayempenda, na akija mjini unapata taarifa. Kwa wasanii wanaozunguka na maonyesho zinafanya kazi vizuri sana, na zimewahi kuniambia juu ya onyesho lililokuwa umbali wa mitaa mitatu kutoka nilipolala. Zinashindwa kwa bendi ambazo haziendi popote. Resident Advisor, iliyoanzia Australia mwaka 2001, imejengwa juu ya usiku wenyewe, na kwa muziki wa kielektroniki wa kucheza naipa alama za juu kuliko huduma yoyote katika tathmini hii: ina tarehe, ukumbi, orodha kamili ya watakaopiga na tiketi, vyote kwenye ukurasa mmoja. Laiti muziki wa aina nyingine ungekuwa na kitu kama hicho.

Niliposema bendi ambazo haziendi popote, nilikuwa na maana ya zile ambazo ndizo roho ya mji. Ukumbi wa Village Vanguard wa New York, uliofunguliwa na Max Gordon mwaka 1935, ni chumba cha chini ya ardhi chenye nafasi ya watu wapatao 123. Tangu Februari 1966, Jumatatu zake ni za bendi kubwa ya jazi iliyoanzishwa na Thad Jones na Mel Lewis, ambayo leo inaitwa Vanguard Jazz Orchestra. Siku ile ilichaguliwa kwa sababu Jumatatu ndiyo iliyokuwa usiku wa mapumziko kwa wanamuziki wa studio, watu waliopigia wengine wiki nzima na waliotaka usiku mmoja wa kupiga wanachokipenda. Huduma inayosubiri msanii asafiri ndipo ikutaarifu haiwezi kuujua uzito wa Jumatatu kama hiyo, na huduma ya nyota itakupa wastani wa siku zote saba za juma, pamoja na ile ambayo mgeni alikuja bila kujua nani anapiga.

Kwa hiyo njia yangu ni hii. Natafuta kumbi ndogo za mji, kisha naziacha programu zote na kufungua kalenda ya kila ukumbi kwenye tovuti yake. Sisomi wiki hii tu. Narudi nyuma wiki sita na kusonga mbele wiki nne, nikitafuta jina linalojirudia siku ileile ya juma. Jina likijirudia, nimepata bendi mwenyeji, na bendi mwenyeji hupiga kwa namna ambayo bendi ya safarini haiwezi, kwa kuwa wanaijua sauti ya chumba na wanaijua hadhira. Nikifika, naketi karibu na fundi mitambo. Yeye ndiye anayepanga sauti kwa kusikia masikioni mwake mwenyewe, hivyo aketipo yeye ndipo muziki unaposikika kama ulivyokusudiwa, ilhali viti vya mbele kabisa mara nyingi vinakupa gitaa la besi na pumzi za mwimbaji tu.

Kisha nauliza. Usiku mmoja baada ya onyesho nilimkuta mpiga ngoma akikunja nyaya, akizizungusha kati ya kiganja na kiwiko, nikamuuliza yeye mwenyewe huenda kumsikiliza nani akiwa hana kazi. Alisimama, akafikiri, akanitajia baa moja na kusisitiza siku na saa: Jumanne, baada ya saa tano usiku, na niketi upande wa piano. Nilipoitafuta kwenye ramani nilikuta ina nyota 3.9. Nilikwenda Jumanne iliyofuata. Tulikuwa watu thelathini hivi katika chumba chembamba. Mpiga piano alivua saa yake ya mkononi, akaiweka juu ya piano, na akaanza bila kusema neno. Katikati ya wimbo wa tatu, mteja aliagiza kinywaji cha kutikiswa. Mhudumu akakijaza chombo barafu taratibu, kipande kimoja kimoja kwa koleo, akakishika mkononi, na akasubiri. Alisubiri hadi piano ilipomaliza sehemu yake ya polepole na saksafoni ikaingia, ndipo akatikisa. Nimeketi katika baa nyingi zenye nyota nne na saba kwa kumi, na sijaona tena heshima kama ile kwa muziki.

Niliporudi nilipolala niliyasoma maoni ya baa ile yote. Nyota zilizopotea, nyingi zake, zilikuwa za watu walioombwa wanyamaze bendi ikipiga.

Baada ya majaribio yote haya, simu yangu imebaki hivi. Google Maps ipo kwa njia, saa za kufungua na picha za wateja. Yelp ipo pale inapotumiwa na wenyeji, hasa Marekani. Mwongozo wa Michelin upo kwa Bib Gourmand, OpenTable kwa chakula cha kikazi, Songkick kwa wasanii ninaowafuata, na Resident Advisor kwa usiku wa kucheza. Tripadvisor nimeiacha kwa chakula, ingawa kwa majumba ya makumbusho bado inanifaa. Nafasi iliyobaki imejaa anwani za kalenda za kumbi ndogo na majina ya wahakiki wanne watano.

Kwa waundaji wa huduma hizi nina ombi moja, nalo ni dogo kiufundi: mteja anapoandika maoni, aulizwe alikwenda siku gani ya juma na saa ngapi, na jibu lake lionyeshwe kando ya nyota alizotoa, ili nyota za Jumanne zisichanganywe na za Jumamosi. Baa ile ya piano bado ina 3.9, na hakuna popote kwenye ukurasa wake palipoandikwa Jumanne.